Tundu la Nane

Jumatatu, 3 Septemba 2012

Hatimaye! Mushaki imegundua kwamba ina studio. Asubuhi hii walikuja akina mama saba kwa miguu, wote wafugaji wa vilima vya juu, Mama Libérata mbele na bidoni yake, dumu la maziwa. Sijawahi kupokea wateja saba kwa mpigo. Tangu orkestra yetu ya harusi ivunjike (nani anaoa siku hizi, watu wanakimbia tu), maikrofoni zangu nane zinalala chini ya kitanda pamoja na viatu.

Kazi yenyewe ni hii. Watoto wao walikimbilia machimbo ya Walikale kabla wenye bunduki hawajawakamata na kuwafanya askari. Tangu hapo, kimya. Sasa redio moja ya huko imewapa akina mama nafasi Jumapili jioni. Moja tu. Majina hayatajwi redioni, kila mtu anajua nani mwingine anasikiliza. Kijiji hakitajwi. Basi wamekubaliana wataimba miito yao ya ng'ombe. Kila mama ana mwito wake wa kuita ng'ombe jioni wakati wa kukamua, na mtoto aliyekulia zizini hawezi kuukosea wa mama yake. Adui atasikia ng'ombe tu. Akili hiyo! Nilitamani iwe yangu. Nitawaambia watu ni yangu.

Kurekodi mmoja mmoja haiwezekani. Nilijaribu. Mama Libérata, akiwa peke yake, alinyamaza katikati akatazama mlango. Miito huitikiana, huyu akianza yule anapokea, kama kilima na kilima. Lakini Colette, fundi wa redio kule Walikale, anataka kila sauti kwenye mstari wake, ili ainue moja na kushusha nyingine. Colette ni binamu ya mke wangu na anajiona sana.

Mama Libérata ana mtoto mmoja tu duniani, Shyaka. Anasema akijua kijana yuko hai na anajua mama yake yuko hai, atahama siku hiyo hiyo na ng'ombe waliobaki. Bila hivyo haondoki Mushaki, risasi zije zisije. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko mikononi mwa mtaalamu.

Tatizo dogo: kompyuta yangu ina tundu moja tu la maikrofoni.

Jumanne, 4 Septemba

Kaswera kaingilia. Bila shaka! Mwanamke huyu alikuja kutoka Butembo na lori moja, sasa ana malori matatu, duka la vifaa vya umeme, na kiti cha mbele kanisani. Amesikia kuhusu kazi yangu (Mushaki haina siri, hasa ukimweleza kila unayekutana naye) na akaja mwenyewe hadi mlangoni. Anasema kuna kigeuzi kizuri Goma. Lori lake linapanda Ijumaa, litakileta. Nitakitumia, halafu nitakirudisha dukani. Hataki kitu.

Hataki kitu! Nimeishi miaka mingi, sijamwona mfanyabiashara asiyetaka kitu. Anachotaka ni watu waseme Kaswera ndiye aliyewaokoa watoto. Nikamshukuru kwa baridi.

Nilimpigia Colette kumuuliza hiki kigeuzi ni kitu gani, kwa njia ya kumpima. Akaanza mahubiri. Sauti inatoka kwenye maikrofoni kama mtetemo wa umeme, kompyuta inaelewa namba tu, kigeuzi kinakaa katikati kugeuza kimoja kuwa kingine. Hiyo nilijua. Nusu yake. Lakini, anasema, viko vya aina mbili. Kuna kile chenye sikio lake nyuma ya kila tundu, na masikio yote yanasikiliza kwa wakati mmoja, tik, pamoja. Na kuna cha bei nafuu chenye sikio moja tu linalokimbia kutoka tundu hadi tundu, la kwanza, la pili, la tatu, hadi la mwisho, kisha linarudi mwanzo. Hilo linachoka, anasema. Na likifika tundu jipya bado lina mabaki ya tundu lililopita, sawa na mwiko uliotoka kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, ukaingizwa kwenye maziwa.

Akarudia mara mbili kwamba nichague cha masikio mengi. Nikamjibu kwamba nilikuwa napiga muziki yeye akiwa bado anacheza kwenye vumbi. Simu ikakatika. Mtandao, nadhani.

Jumatano, 5 Septemba

Ushindi! Sina haja ya Kaswera!

Nilimkuta Edmond wa sola akifunga paneli kwenye paa la kituo cha afya. Nikamweleza shida yangu kwa maneno ya kitaalamu. Akatoa kwenye begi boksi la chuma, la kijivu, zito. Ni la kupimia batiri za mnara wa simu, mnara wenyewe ulichomwa, boksi likabaki bila kazi. Lina matundu NANE. Linaingia kwenye kompyuta kwa waya mmoja. Lina hata taa ya kijani.

Nikamuuliza kama lina masikio mengi au moja. Edmond akalitazama juu, akaligeuza, akalitazama chini. Akasema halina masikio. Mtu mwaminifu.

Tukakubaliana kwa mbuzi wa mke wangu, Victorine. Victorine alikuwa sokoni. Nimemwandalia maelezo mazuri: mbuzi ana miguu minne, boksi lina matundu nane, kwa hiyo tumepata mara mbili.

Jioni. Maelezo hayakupokelewa. Kwanza alilia, ndipo akasema maneno kwa Kihunde ambayo hata mama yake angeziba masikio. Mwisho akauliza: “Ile boksi iko ya kupima batiri, Bienvenu. Batu biko batiri?” Nikamwambia umeme ni umeme, uwe wa batiri au wa Mama Libérata. Ndiyo sayansi yote.

Alhamisi, 6 Septemba

Jaribio. Nimegundua jambo kubwa: akina mama ni saba, matundu ni nane. Limebaki moja! Tundu la nane litakuwa langu. Kila kazi kubwa ina mkurugenzi. Nitakaa na maikrofoni yangu, nitoe amri polepole, wao wasikie kwenye spika ndogo: anza, endelea, kwa nguvu. Harusini nilikuwa nafanya hivyo na hakuna aliyelalamika isipokuwa maharusi.

Nilimweka Victorine kwenye tundu la kwanza, mimi la nane. Akaimba kwa hasira kuhusu mbuzi. Tukasikiliza. Sauti yake ilitoka kama mtu aliyejifunika blanketi, lakini ilitoka! Na chini ya sauti yake, mbali kidogo, ilikuwapo yangu. Mimi nilikuwa tundu la nane, na nikasikika katika la kwanza.

Victorine akasema hiyo si kawaida. Akasema: “Weye uko ndani yangu sawa pepo.” Akaniambia nimsubiri Kaswera hadi kesho mchana, akina mama watasubiri saa mbili tatu tu. Nikamweleza kwamba hiyo inaitwa eko, yaani mwangwi, na kwamba studio za Kinshasa zinaitafuta kwa gharama kubwa, sisi tumeipata bure. Akasema si bure, alikuwa mbuzi.

Nimeamua. Tutarekodi kesho ASUBUHI. Lori halitafika kabla ya mchana, na kwa mvua hizi zilizoanza litalala kwenye matope ya Sake. Kaswera akija na kigeuzi chake atakuta kazi imekwisha, akina mama wamekwenda, na mimi nimekaa barazani nakunywa maziwa.

Ijumaa, 7 Septemba

Siku kubwa. Imeharibiwa kidogo na watu.

Akina mama walifika na umande. Niliwapanga nusu duara, nikawaunganisha nyaya. Mama Libérata nikamweka tundu la kwanza, kwa heshima, kwa sababu ndiye aliyekuja na maziwa. Mama Mukandori tundu la pili, na wengine kwa kufuata urefu, inapendeza zaidi. Mimi la nane. Jenereta nyuma ya nyumba, Victorine ameukalia mlango wa nyuma isisikike.

Mama Libérata akaanza. Siandiki mambo ya kulia kwenye shajara, lakini ule mwito ulipanda, ukakatika kidogo kwenye koo, ukashuka, na ng'ombe wa jirani aliyefungwa nyuma ya kanisa akaitika. Mukandori akaupokea. Kisha wote. Akina mama wawili walikuwa wanalia wakiimba na hawakusimama. Nami nikashika maikrofoni karibu na mdomo na kuongoza: Endelea! Kwa nguvu! Usisimame! Imba! Spika ndogo ilikuwa imekufa tangu mwanzo, kwa hiyo hawakunisikia, lakini kazi ya mkurugenzi ni kuongoza.

Tulikuwa tunakunja nyaya nikasikia honi. LORI! Mvua zote hizi, matope yote yale, halafu lori la Kaswera linafika mapema! Barabara ya nchi hii ikiwa mbovu ni kwa ajili yangu tu.

Kaswera akaingia na boksi lake jeusi, dogo, linang'aa. Matundu nane, kila tundu na sikio lake, masikio yote pamoja. Hakusema neno la kejeli, na hilo liliniumiza zaidi. Akasema tu: “Papa Bienvenu, ba mama bado biko hapa. Turudilie. Mumotari wa kupeleka flashi Walikale anaondoka kesho asubui, wakati tuko nao.” Na Mama Libérata, ambaye alikwisha kuinua bidoni yake, akaishusha chini. Wengine nao wakakaa. Walikuwa tayari. Hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Nifanye nini? Nikubali mbele ya wote kwamba boksi langu ni la batiri? Nikasema haiwezekani, petroli ya jenereta imekwisha. Kaswera akasema lori lake lina petroli. Nikasema ya lori ni mazuti, dizeli, si petroli. Akasema ana bidoni ya petroli dukani. Nikasema jenereta yenyewe imeungua, nasikia harufu. Victorine akanitazama. Alikuwa ameukalia mlango wa nyuma asubuhi nzima na anajua haikuungua. Hakusema kitu, mke mwema, lakini chakula cha jioni sikukiona.

Nikawaambia akina mama kwamba rekodi ni nzuri mno, na kwamba jambo zuri halirudiwi. Mama Libérata akauliza mara moja tu kama Shyaka atamjua. Nikaapa.

Jumamosi, 8 Septemba

Mumotari ameondoka na pikipiki yake, flashi ndani ya soksi. Kabla ya hapo nilisikiliza yote. Blanketi ni zito kidogo. Mama Mukandori anasikika kama ana mafua, na ndani ya mafua yake yupo Libérata kidogo. Na ndani ya Libérata nipo mimi. Safi kabisa kwa kweli, kuliko nilivyotarajia. “Imba! Usisimame!” Nina sauti nzito. Sikuwahi kujua.

Nilidhani nikiuondoa mstari wangu wa nane nitatoweka. Niliuondoa. Bado nilibaki kwenye wa kwanza. Basi, ni mapenzi ya Mungu.

Nilipita mbele ya duka la Kaswera mara nne nikipiga mluzi. Mara ya nne akanisalimia. Sielewi anapanga nini.

Jumapili, 9 Septemba

Baada ya misa, ujumbe wa Colette kwenye simu. Flashi imefika. Anauliza: “Ule mwanaume ni nani? Iko chini ya mama wa kwanza, inamuamuru. Nimutoe huyu mama ao niache? Jibu mbio.”

Nimtoe! Nilimweka wa kwanza kwa heshima! Na kumtoa yeye ni kunitoa mimi. Nilifikiri kama dakika nzima. Kisha nikajibu: Ni mkurugenzi. Acha hivyo.

Jioni tulipanda kilimani wote, akina mama saba, Victorine na mimi, na Kaswera na redio yake kwa sababu yangu haina batiri. Masafa yalikuwa yanakatika. Lakini ilifika! Mwito wa kwanza, kupitia milima yote ile, ulifika. Mama Libérata alishika kitambaa chake kwa mikono miwili. Halafu nikajisikia. Mimi, mtoto wa Mushaki, hewani Walikale nzima! Niligeuka kumwona Victorine kama amesikia. Alikuwa anamtazama Mama Libérata, na Mama Libérata alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeulizwa jambo asilolielewa.

Kaswera aliizima redio pole pole wimbo ulipokwisha. Wivu.

Jumatatu, 10 Septemba

Simu! Binti wa Mama Mukandori, Uwamariya, yuko hai, anapika kwenye machimbo. Alicheka akisema mama ana mafua. Saa moja baadaye simu nyingine, mtoto wa mama wa tundu la tano. Watu wananipa mkono barabarani. Mama mmoja amenipa kuku. Nimemtumia Victorine ujumbe kwamba kuku ni mwanzo tu wa kulipa mbuzi, ingawa tulikuwa tumekaa chumba kimoja.

Mama Libérata ameketi mbele ya duka la Kaswera, pale mtandao unapokamata vizuri. Simu iko magotini. Nikamwambia mtandao wa huko ni mbaya.

Jumatano, 12 Septemba

Colette amepiga. Nilianza kumshukuru, akasema ninyamaze.

Rafiki wa Shyaka alifika redioni jana. Jumapili walikuwa pamoja wakisikiliza. Mwito wa kwanza ulipopanda, Shyaka aliinuka na kuacha sahani yake. Akasema: “Ile sauti njo ya mama yangu.” Alikuwa analia na kucheka. Kisha akasikia mwanaume. Imba! Usisimame! Akasogeza redio sikioni. Akasema: “Balimukamata. Banamulazimisha aniite, juu nirudi, banikamate na miye.” Usiku huo huo aliondoka kuingia msituni. Hakumwambia mtu anakokwenda, asije mtu akalazimishwa kusema. Rafiki hajui hata njia aliyoshika.

Colette akasema tungeweza kumtoa mama huyo mmoja tu, au kurekodi upya. Akasema alipoona jibu langu, aliamini najua ninachofanya. Kisha akakata. Hii haikuwa mtandao.

Nilikwenda kumwambia Mama Libérata mwenyewe. Kwa kweli Kaswera alikuwa amekwisha kumwambia, mimi nilifika tu. Nilikuwa na maelezo. Mama Libérata hakuyasubiri. Alisema kwa sauti ya chini sana: “Uliniambia nisisimame, Papa Bienvenu. Sikukuwa nasimama.”

Akarudi kutazama simu yake. Angenitukana ningejua la kujibu.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Kama lori lingechelewa kama malori ya watu wengine, hakuna ambaye angejua kwamba kulikuwa na boksi jingine. Ni Kaswera. Na Edmond naye, angeniambia habari za sikio. Na Colette, kwa kuuliza swali zito kwa ujumbe mfupi.

Jumatano, 19 Septemba. Sake

Tuko Sake, tumehifadhiwa shuleni, chumba cha darasa la nne, familia sita na ubao mmoja wa kuandikia. Mabomu yalianza Jumatatu. Kaswera aliwapakia watu wote kwenye malori yake bure, hata sisi. Nilisafiri nimekaa juu ya magunia ya maharagwe, boksi la kijivu kifuani, na yeye mbele na boksi jeusi magotini. Wengine wanapenda kujionyesha hata wakati wa vita.

Mama Libérata alikataa kupanda. Alisema Shyaka akirudi atarudi zizini. Kaswera na Victorine walimbeba kwa mikono yao. Ng'ombe walibaki.

Redio ya Walikale imezima, haijulikani mpaka lini. Leo Kaswera alinifuata darasani. Anasema siku itakaporudi hewani, akina mama wote wako hapa, kigeuzi kiko hapa, turekodi tena, na safari hii mkono wangu usiguse kitu zaidi ya swichi. Aliniwekea boksi lake jeusi kwenye dawati, mbele yangu. Nikamwambia nitafikiri.

Jioni, wakati wa kukamua, Mama Libérata alitoka uani akageukia njia ya Masisi akaanza kuita. Hakuna ng'ombe hapa. Watoto waliacha kucheza wakamtazama. Mwito ulipanda, ukakatika kidogo kwenye koo, ukashuka. Hakuna aliyepokea. Akaita tena. Nilikaa chini nikaanza kufuta vumbi kwenye boksi langu la kijivu, nikalifuta mara tatu. Shule hii ina vumbi sana.

Victorine alikaa karibu nami. Alisema nimrudishie Kaswera shukrani na nichukue boksi lake, hiyo tu, hataki tena habari za mbuzi. Alisema kwa upole na nilitaka kukubali. Mdomo ulikuwa umefunguka.

Ndipo nikamwona Edmond langoni! Naye amekimbia. Begi lile lile. Alikuwa na haraka, lakini alinionyesha boksi jingine. Limetoka kwenye mnara mwingine, mkubwa zaidi. La kijivu. Zito. Taa mbili za kijani.

Matundu kumi na sita! Akina mama ni saba tu. Yanayobaki ni yangu. Kosa letu la kwanza liko wazi: nilikuwa na tundu moja tu la amri, ndiyo maana sikusikika vizuri wakanidhania mtu mwingine. Edmond anataka saa ya mkononi ya Victorine. Victorine ameenda kuchota maji.